Kuni za Masika Hutengenezwa Kiangazi: Namna ya Kukausha na Kutunza Kuni Zisioze

Tabora hatuna shida ya jua. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua imekata, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na upepo wa mashariki unavuma karibu kila siku. Novemba mbingu zinafunguka, na hazifungi mpaka Aprili. Pita mitaani katikati ya Januari saa za kupika, utawasikia watu wakikohoa jikoni, kuni zinalia kwenye mafiga na kutoa povu nchani. Ukiuliza, kuni hizo hizo zilikuwepo nyumbani tangu Agosti. Zilikuwa zimerundikwa chini ya mwembe, magogo mazima, yamelala juu ya udongo, yamefunikwa turubai vizuri kabisa.

Hilo turubai ndilo linalotudanganya. Mtu akishafunika juu anaona kazi imekwisha. Lakini kuni nyingi za huku haziharibikii juu. Zinaharibikia chini, kwenye udongo, ambako unyevu unapanda na mchwa anapanda nao. Na zinaharibikia ndani, kwa sababu gogo halikupasuliwa lilipokuwa bado bichi. Kwa hiyo hapa tutaanza na mti wenyewe, tuje kwenye ardhi, halafu tupande. Paa litakuja karibu na mwisho, ndipo mahali pake.

Najua serikali inatuhimiza tuhamie nishati safi ya kupikia. Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie huko, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Sina ugomvi na hilo. Lakini mpaka mtungi wa gesi ufike vijiji vya ndani vya Sikonge na Kaliua kwa bei inayoeleweka, watu watapika kwa kuni, na anayepika kwa kuni kavu anamaliza miti michache kuliko anayepika kwa mbichi.

Adui wako ni wawili, na dawa zao si moja

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mingine inazidi, mingine inapungua kidogo. Chukua tani moja ya kuni mbichi za namna hiyo: kilo 500 ni mti, kilo 500 ni maji. Zikikauka vizuri kwa hewa zitabaki kama kilo 600. Maana yake lita 400 za maji, yaani madumu 20 ya lita 20, zimeondoka. Maji hayo yataondoka tu, hakuna namna. La kuamua ni kama yataondoka kwa upepo wa bure mwezi wa nane, au kwa moto wako mwezi wa kwanza wakati maharage yanasubiri.

Uozo unaletwa na kuvu, na kuvu hawezi kuishi bila unyevu. Kuni zikishuka chini ya asilimia 20 hivi (yaani uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti mkavu), uozo unasimama. Huhitaji kupaka chochote. Angalia boriti za nyumba za zamani: juu zinakaa miaka na miaka, lakini nguzo ya uzio inaoza pale pale inapokutana na ardhi.

Mchwa ni habari nyingine. Yeye hasumbuliwi na ukavu, kwa sababu maji anayapandisha mwenyewe kutoka ardhini kupitia vile vijia vyake vya udongo. Unaweza kuwa na kuni kavu kama mfupa na akazimaliza. Kwa hiyo kukausha kunamshinda kuvu peke yake. Mchwa anashindwa kwa kutenganishwa na kuni. Watu wengi wanafanya la kwanza, wanasahau la pili, halafu wanalaumu aina ya mti.

Hatua ya kwanza: pata kuni mapema, na ujue ni mti gani

Muda mzuri wa kukata au kununua ni Mei hadi Julai. Barabara za vijijini zinapitika, wauzaji wa baiskeli ni wengi, na mbele yako kuna miezi ya ukavu. Ukisubiri Oktoba, kwa kawaida bei imeanza kupanda na muda wa kukausha umekwisha.

Kama unakata mwenyewe, miti ya shambani kwako ni rahisi. Ya msitu wa asili ina utaratibu wake: serikali ya kijiji kwa msitu wa kijiji, na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwa misitu ya hifadhi na vibali vya mavuno. Ulizia kabla shoka halijatoka nyumbani. Kuni ukikamatwa nazo njiani bila karatasi zinakuwa ghali kuliko gesi.

Ukinunua, usiulize "kuni kavu hizi?" Hakuna muuzaji atakayekujibu hapana. Uliza zilikatwa lini, halafu chomoa moja katikati ya mzigo, si ile ya juu iliyopigwa na jua njia nzima.

"Mama, hizi zilikatwa lini?"

"Siku nyingi baba, kavu hizo."

"Naomba nipasue moja."

Akicheka na kukupa shoka, una muuzaji mzuri. Akianza maneno mengi, punguza bei kichwani mwako, kwa sababu unanunua na maji. Wala si lazima ukatae; kuni mbichi za Juni ni mali kabisa, mradi zilipwe kama kuni mbichi.

Kuhusu aina: mtundu, myombo, mgunga na mjohoro ni kuni nzito, zinachukua muda kukauka lakini makaa yake yanadumu. Mkaratusi unakauka vizuri ukipasuliwa mapema, na moto wake ni mkali. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao yanakauka upesi kwa kuwa ni membamba, lakini pia yanaisha upesi motoni. Mninga ni mbao, usiufanye kuni. Masalia ya fundi seremala ndiyo halali yako.

Mwembe nautolea neno la peke yake, maana mji huu umejaa miembe na kila mwaka kuna unaoanguka au kukatwa matawi. Kuni zake zinashika maji, zinaota kuvu haraka, na dudu wanaotoboa mti wanaupenda. Usiweke akiba ya mwembe ya mwaka mzima. Upasue wiki ile ile, ukauke, uutangulize jikoni. Na wapo ambao utomvu wake unawawasha ngozi, kwa hiyo asiyeuzoea avae mikono mirefu.

Visivyofaa kuingia jikoni hata vikiwa vikavu: mnyaa, kwa sababu ya utomvu wake na moshi unaowasha macho, nguzo za zamani za umeme au za uzio zilizotiwa dawa, mbao zilizopakwa rangi, na plaiwudi. Hivi vina sumu, na moshi wake unaingia kwenye kifua cha anayepika na kwenye chakula kisichofunikwa.

Hatua ya pili: katakata, pasua, na usichelewe

Ukifanya hatua hii peke yake, tayari uko mbele ya majirani wengi.

Gome ni koti la mvua la mti. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na linaendelea na kazi hiyo hata mti ukishakufa. Gogo zima lenye gome lake linaweza kukaa kiangazi chote juani, nje limepasuka na kuonekana kavu, ndani bado lina maji. Maji yanasafiri kupitia nchani mara 10 hadi 15 kwa haraka kuliko kupitia ubavuni. Ndiyo maana vipande vifupi vinakauka upesi kuliko virefu, na kilichopasuliwa kinakauka upesi kuliko cha mviringo.

Kwa mafiga au jiko banifu la nyumbani, kata urefu wa sentimita 40 hadi 50. Jiko banifu lina mdomo mdogo, kwa hiyo pima mdomo wa jiko lako kwanza, kabla ya kukata mzigo mzima. Halafu pasua mpaka unene wa kifundo cha mkono, sentimita 7 au 8 hivi. Vichache viache vinene zaidi, kwa ajili ya maharage na makande yanayotaka moto wa kukaa. Fito nyembamba hazihitaji kupasuliwa, ila zile zilizozidi unene wa dole gumba zipige panga moja ubavuni, gome lipasuke, hewa iingie.

Pasua mti ukiwa bado mbichi. Mingi inapasuka kirahisi siku za mwanzo, na mkaratusi hasa ukishakauka unakuwa mgumu, nyuzi zake zinashikana na shoka linarudi. Weka kipande juu ya kigogo kipana, si juu ya udongo. Shoka likikosa liingie kwenye mti, si kwenye jiwe. Tafuta ufa uliokwisha anza nchani na upige hapo. Penye kifundo cha tawi usishindane napo: tumia kabari na nyundo, au kiache kipande hicho kiwe cha kukalia. Mpini unaocheza usiuloweke kwenye maji ukadhani umepona, kwa sababu ukikauka utacheza tena. Gongea kabari nchani. Na tafadhali, usipasue kuni ukiwa umevaa kandambili.

Kama kipande ni kinene na gome linabanduka kwa urahisi, libandue. Dudu wengi wanaanzia chini ya gome. Huku kwetu gome la myombo lina kazi nyingine pia, watu wanachuna kamba zake na kutengenezea mizinga ya nyuki, kwa hiyo huenda ukapata wa kukuchunia bure.

Hatua ya tatu: ardhi

Chagua mahali pa juu kidogo, pasipotuama maji, ambapo jua linafika na upepo unapita. Chini ya mwembe hapafai, japokuwa ndiko kila mtu anakoweka: kivuli siku nzima, majani yanaanguka juu ya kuni, na mvua ikikatika mti unaendelea kudondosha matone. Chini ya mchirizi wa bati la nyumba hapafai pia.

Angalia kama kuna kichuguu karibu, au vijia vya udongo kwenye uzio na mashina ya miti. Vikiwepo, jua mchwa anafika hapo. Si lazima uhame, kwa sababu Tabora utahamia wapi pasipo mchwa? Lakini jua kwamba hapo hutaweka ukuni hata mmoja chini, hata kwa usiku mmoja. Kwangua eneo, ng'oa visiki na mizizi, ondoa mabua na takataka za mbao. Vitu hivyo vinamwita.

Sasa inua. Zipo njia tatu ninazoziamini.

Ya kwanza ni matofali ya kuchoma. Panga mistari miwili, kila nguzo ya matofali manne au matano, juu yake laza miti mirefu miwili iliyonyooka au mabomba ya chuma ya zamani. Kuni zinalala juu ya miti hiyo. Tofali bichi halifai, litanyonya maji na siku moja safu nzima italala chini.

Ya pili ni kichanja cha nguzo zenye panda, kama kile cha kukaushia vyombo lakini kifupi na kinene. Ni rahisi, miti yake inapatikana, ila miguu yake iko ardhini na ndiyo ngazi ya mchwa. Chimbia miguu ya mti mgumu, au simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu. Makopo hayo yafunike kwa juu ili mvua isiyajaze, na watoto wasiyachezee. Oili chafu ni ya miguu ya kichanja tu. Nimeona watu wakinyunyizia kuni zenyewe. Hizo ukipikia, moshi wake ni wa gereji. Wala usiimwage karibu na kisima.

Ya tatu ni mawe makubwa, kwa wale walio karibu na vilima vya mawe. Haigharimu kitu.

Kwa njia yoyote, nafasi kati ya ardhi na kuni ya chini kabisa isipungue sentimita 30. Wengine wanaweka tofali moja wakaridhika. Tofali moja linatosha kuzuia unyevu, lakini haliruhusu jicho lako kuona wala fagio kupita, na mchwa anakuzidi ujanja hasa pale usipopaona. Kila wiki inama utazame chini na kwenye miguu yote. Ukiona mstari wa udongo unapanda, mwembamba kama penseli, uvunje na ufagie. Ataujenga tena, nawe utauvunja tena. Huyo hajashinda, kwa sababu kila ukivunja anaanza upya na kuni bado hazijaguswa. Anayeshindwa ni yule anayekuja kuangalia baada ya miezi mitatu.

Majivu chini ya safu yanasaidia wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha yanageuka tope, usiyategemee.

Jambo la mwisho kuhusu mahali: usiegemeze kuni kwenye ukuta wa nyumba. Acha nafasi mtu apite. Nyumba nyingi zetu ni za matofali ya udongo, na kuni zilizoegemea zinazuia ukuta usikauke, zinampa mchwa kificho, na kutoka hapo anapanda taratibu mpaka kwenye kenchi. Utakuwa umemkaribisha ale kuni za wiki mbili, naye akamalizia na paa.

Hatua ya nne: kupanga

Safu ndefu ielekee kaskazini na kusini, ili ncha za kuni zitazame mashariki na magharibi. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki. Kuni zikipangwa hivyo, upepo unaingia nchani, unapita kwenye nafasi kati ya kuni na kutokea upande wa pili. Jua la asubuhi linapiga ncha hizi, la jioni zile.

Panga safu moja, upana wake uwe urefu wa ukuni mmoja. Safu mbili zikibanana, katikati hapakauki. Ukilazimika kuwa na mbili, ziachie nafasi ya dhiraa moja.

Kwenye miisho ya safu simamisha nguzo, au panga kuni kwa kupishanisha, mbili hivi na mbili vile, zijenge mnara wa kushikilia zilizobaki. Usizidishe kimo cha kifua. Watoto watapanda, mbuzi watapanda, na safu ndefu ikianguka haichagui.

Usizibane. Mtu nadhifu anapanga kuni zikakaa kama ukuta wa matofali, hakuna hata pa kupitisha kidole, na anasifiwa na wageni. Kuni zinataka uzembe kidogo. Nene ziweke juu na pembeni penye upepo. Nyembamba zikae kokote. Za mwaka huu zisichanganywe na za mwaka jana.

Hatua ya tano: paa, na si kabla ya wakati wake

Juni hadi Septemba kuni zinataka jua wazi. Usifunike. Anayefunika Julai anazuia kazi ambayo hewa ilikuwa inaifanya bure.

Oktoba katikati, mawingu yakianza kujikusanya mchana, weka paa. Bati la zamani, nyasi za kuezekea, hata mabanzi yaliyolaliana yanatosha. Liwe na mteremko, lizidi safu kwa sentimita 30 kila upande, na kati yake na kuni za juu uache nafasi ya mkono kupita. Bati lenye matundu ya misumari ya zamani lizibe; tone moja la kila siku mahali pamoja linaozesha kuni zilizoko chini yake tangu juu mpaka chini. Kigoma mvua huweza kutangulia kidogo, kwa hiyo walioko huko wasingoje hiyo Oktoba katikati.

Kama huna ila turubai au nailoni, ifunike juu tu, ishuke kidogo pembeni, ikazwe kwa kamba na mawe. Isifike chini kamwe. Turubai lililofunika pande zote linatoa jasho kwa ndani: jua linapandisha mvuke kutoka ardhini na kwenye kuni, unagonga nailoni, unadondoka tena juu ya kuni. Fungua turubai la namna hiyo mwezi wa pili, utakuta uyoga.

Utajuaje zimekauka?

Mizani haidanganyi. Siku unapopanga, chagua vipande vitatu vya unene wa kawaida, vitie alama ya mkaa nchani, uvipime dukani kwa jirani na kuandika uzito. Viweke katikati ya safu, si pembeni. Vipime kila wiki. Mwanzo vinashuka haraka, kisha polepole. Vikikaa wiki mbili bila kushuka, vimekauka. Kipande kilichoanza na kilo 3, nusu yake maji, kitaishia karibu kilo 1.8.

Asiye na mizani agonganishe kuni mbili. Kavu zinalia kwa mlio mkali, mbichi zinatoa sauti nzito inayokufa hapo hapo. Nyufa za nchani zisikudanganye peke yake, hizo zinatokea hata ndani kukiwa na maji. Pasua kipande kimoja, kisha gusisha sehemu ya ndani kwenye shavu lako: ukisikia baridi, bado.

Wepesi nao una mtego, kwa sababu ukuni uliooza pia ni mwepesi. Bonyeza kwa ncha ya kisu. Mti mkavu mzima unakataa. Uliooza unaingia na kumomonyoka.

Vipande vya unene wa kifundo vilivyopasuliwa Juni, kwa kawaida Septemba vinafaa. Gogo la unene wa paja lisilopasuliwa, masika yatalikuta bado bichi katikati.

Wenye mabani ya tumbaku

Kwa wenzetu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, hesabu ni kali zaidi. Tumbaku ya mvuke inachumwa na kukaushwa kuanzia Januari hivi hadi Aprili, yaani katikati kabisa ya mvua, wakati ambao huwezi tena kukausha kuni. Kuni za bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, lazima ziwe zimekauka kabla ya Novemba.

Bani moja likishajazwa linakwenda kama wiki nzima, joto likipandishwa hatua kwa hatua kutoka nyuzi 35 hivi mpaka karibu 70 mwishoni, wakati wa kukausha kikonyo. Hapo mwishoni ndipo kuni mbichi zinakuumbua. Unajaza tanuri, moshi unatoka mweupe mzito, kipimajoto kinashuka, na jani lililokuwa limeshika rangi nzuri linaanza kubadilika. Ukifika kuuza, anayepanga daraja hatakuuliza kuhusu kuni.

Kuni za bani zinaweza kuwa ndefu, mita moja, lakini zipasuliwe nazo. Jenga banda la kuni kando ya bani lenye paa na lisilo na kuta, mbali na mdomo wa tanuri, kwa sababu cheche zinaruka. Na kama huna shamba lako la miti, anza kulipanda, maana msitu unaokatwa leo kila mwaka unasogea mbali zaidi na gharama ya kusomba inapanda nao.

Moto wa mbuga

Agosti hadi Oktoba watu wanachoma mashamba na nyasi, na moto unatembea usiku. Safu ya kuni kavu iliyopangwa vizuri ni kile hasa moto unachokitafuta. Lima ukanda wa udongo mtupu kuizunguka, mita 3 angalau, uufagie majani kila yanapoanguka. Kwa kuni za bani, ambazo ni nyingi na ziko shambani, uwe mpana zaidi. Usiweke akiba yako yote sehemu moja.

Mvua zikishaanza

Ingiza jikoni kuni za siku tatu au nne tu, na uzijaze kila unapotoa. Zilizoko jikoni zinamalizikia kukauka kwa joto la moto wenyewe. Kichanja cha juu ya mafiga ni kizuri kwa hili, kiwe juu vya kutosha ndimi za moto zisifike, na usilale ukiwa umeacha makaa mekundu chini yake.

Kuni kavu iliyonyeshewa si kuni mbichi. Maji yako nje tu. Iweke chini ya paa penye hewa, siku mbili tatu inarudi. Usiitupe, wala usiifungie kwenye kiroba ikiwa imelowa.

Ukiona ukungu wa kijani au mweupe juu, sogeza kuni hizo penye upepo zaidi, zipanguse nje, zitangulie kutumika. Zilizolainika na kuota uyoga zitoe kabisa kwenye safu, zitakwenda kwenye shimo la mboji. Unga laini unaodondoka kutoka kwenye vitundu ni kazi ya dudu. Joto la kuni hizo halijapungua sana, lakini zichome mapema, usizihifadhi darini karibu na mbao za nyumba.

Unapochomoa kuni, tumia fimbo kwanza, mkono baadaye. Nge na tandu wanapenda chini ya gome, na nyoka anafuata panya. Anza juu kushuka chini, wala usiingize mkono kwenye tundu usiloliona ndani. Watoto wasitumwe kuchukua kuni gizani bila tochi.

Aprili mvua zikikata, shusha zote zilizobaki, kagua miguu ya kichanja na ubadilishe iliyolika, fagia chini, kisha rudisha za zamani upande ulio karibu na jiko ili zitangulie. Za msimu mpya ziingie upande wa pili.